Mgongo wa Kaka Yako

9 Februari

Wifi yangu,

Huku tupo, tunasukuma siku nazo zinatusukuma. Mama yako anakusalimu na anauliza kama huko mjini mnakula au mnapiga picha tu. Siku hizi anashinda ndani zaidi, anasema jua limekuwa kali kuliko alivyolizoea. Kasuku wetu kang'oka meno mawili ya mbele na hajapunguza hata neno moja. Mwalimu wake aliniita shuleni kunieleza kwamba mtoto ana akili, ila darasa zima halipati nafasi ya kusema. Nikamwambia, mwalimu, hiyo ni ya upande wa baba, shangazi yake alikuwa hivyohivyo. Usinikane.

Duka la ushonaji linaenda. Sasa nashona sare za madereva wa idara ya maji. Nikikata mashati ya wanaume kutwa nzima nakuwaza wewe, kwa kuwa kazi yangu mimi ni kuwavika na kazi yako wewe ni kuwavua. Jirani yetu muuza mkaa kaniuliza, eti ni kweli wifi yako anapiga picha za wanaume vifua wazi, tena zisizo na rangi? Nikasema ni kweli. Akafikiri sana, kisha akasema, "Angalau angetia rangi."

Sasa niseme lililoniketisha na kalamu. Mume wangu yuko kimya. Tangu alipokuja huko kwenu kufanya kazi kiwanda cha mbao alikuwa akiandika kila mwezi, ukurasa mmoja, mwandiko wake ule kama kuku kapita kwenye tope, nusu ya maneno ni kuuliza paa linavuja wapi. Toka mvua za mwisho sijapata kitu. Nimeandika, nimeandika tena, hakuna jibu.

Wewe uko naye mji mmoja. Nenda ukamwone kaka yako kwa macho yako, uniambie yu hali gani. Na usinifiche, mimi si mwali wa jana.

Wifi yako


27 Februari

Wifi,

Barua yako ilinikuta na mafua, nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie tunakula. Kasuku mwambie akiota meno mapya atayachosha kwa maneno kabla hayajakomaa.

Muuza mkaa umjibu hivi. Rangi ni msemaji sana. Ukimpiga mtu aliyevaa shati jekundu, watu wanaona shati. Ukiipiga ngozi yake kwa rangi, wanaanza kubishana, huyu mweusi, huyu maji ya kunde. Ukiiondoa rangi unabaki na mwanga na umbo: bega linapoanzia, mbavu zinavyopanda na kushuka, ule mfereji wa uti wa mgongo. Hapo ndipo mtu anaanza kutazama.

Shida ni wanaume wenyewe. Mwanamume ukimwambia avue shati, kitu cha kwanza anavimbisha kifua. Wachukuzi wa sokoni, wacheza dansi, hata karani wa posta mwenye kitambi, wote ni walewale. Basi nakaa na kamera mkononi, nampigisha soga, nangoja. Hakuna anayeweza kuzuia pumzi kutwa. Akichoka kuvimba, mabega yakashuka, ndipo nampiga. Nimepata ukumbi wa maonyesho kwa ajili ya picha hizo, wa kwanza katika maisha yangu, kwa hiyo usingizi nausikia kwa jirani.

Kaka nimemwona. Ni mzima, anakula vizuri. Kiwandani wamembadilishia zamu, kazi ni nyingi, ndiyo maana kalamu imekuwa nzito. Anakusalimu sana, wewe na Kasuku na mama. Anauliza kama paa la jikoni lilizibwa.

Usiwe na wasiwasi.

Wifi yako


20 Machi

Wifi,

Tumepokea. Mama nilimsomea yote isipokuwa ya karani mwenye kitambi, maana angeniuliza mwezi mzima, na chini alikuwa amevaa nini. (Na chini alikuwa amevaa nini?)

Mimi barua yako nimeisoma kuliko urefu wake. Umeandika ni mzima. Umeandika anakula. Hukuandika kama alicheka, wala alikaa wapi mlipokuwa mkizungumza, na wewe ni mtu ambaye ukikutana na mbuzi njiani utanieleza alikuwa ametazama upande gani. Halafu lile paa. Paa la jikoni aliliziba yeye, likizo yake ya mwisho, nikiwa nimemshikia ngazi huku ananifokea nisitikisike. Kwa hiyo ama amesahau kazi ya mikono yake mwenyewe, ama swali hilo si lake.

Kama ana mwanamke, niambie. Siulizi kwa ugomvi, nimekwishagombana naye peke yangu mara nyingi nikifua, hasira imeisha, limebaki swali. Juzi alikuja mteja, mtu mrefu, nikampima mabega. Nikashika utepe pale mgongoni nikasahau kusoma namba. Akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia utepe umekatika. Ulikuwa mzima mkononi mwangu.

Aweke basi hata jina lake chini ya barua yako. Sitaki maneno matamu, hakuwahi kuwa nayo. Jina tu, kwa mwandiko wake ule wa kuku. Nisipoliona nitapanda treni nije mwenyewe.

Wifi yako


30 Aprili

Wifi yangu,

Nimechelewa, najua. Ukumbi niliopewa ulikuwa ghala la pamba, kuta zinatoa vumbi kila ukipigilia msumari, na fundi wa fremu ameugua katikati ya kazi. Wewe hujambo? Mguu wako ulioumwa na pedali ya cherehani umepona? Mama je?

Hana mwanamke. Nakuapia kwa titi tulilonyonya mimi na yeye. Hana, wala hatafuti.

Jina hakuliweka kwa sababu hayupo karibu ninapoandika na posta inataka kufungwa. Safari usifunge sasa, wifi. Nakuomba. Subiri maonyesho yapite, tutapanga vizuri.

Nina habari moja ya kazi. Nimempata mtu mpya wa kumpiga. Si kijana, si mcheza dansi. Nilijiandaa kungoja achoke kuvimba, kumbe hakuvimba hata kidogo. Alikaa tu. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na nikiitazama sijui kama ilikuwa haki yangu kuipiga. Basi tuyaache hayo.

Wabusu wote.

Wifi yako


2 Juni

Wifi,

Leo asubuhi mwalimu wa Kasuku kaja dukani na gazeti la Jumapili kwapani, anatabasamu kama aliyeandikwa yeye. "Mama Kasuku, wifi yako katoka gazetini." Nikaacha cherehani na sindano imezama kwenye kitambaa. Kweli ni wewe, umesimama pembeni, umekonda, umeshika shingo kama ufanyavyo ukiona aibu. Nikaita majirani. Muuza mkaa alikuja na mikono yake ile, nikamkataza kushika, akasoma akiwa ameinama na mikono mgongoni kama mkaguzi.

Kisha nikaitazama picha iliyo nyuma yako ukutani, ambayo wameichapa tena peke yake chini ya ukurasa, kubwa. Mwanamume kakaa kwenye kigoda, katugeuzia mgongo. Kichwa kimeinama, kinaonekana kisogo tu. Chini yake pameandikwa "Mtu ameketi".

Wifi, huo mgongo nimeushonea mashati tangu ujana wangu. Bega la kushoto limepanda kuliko la kulia kwa kubeba mbao upande mmoja. Kila shati lake nalishusha kidogo upande huo, na akilivaa hakuna anayejua ila mimi na yeye. Na pale chini ya bega pana alama ya jipu alilokamuliwa na mama akiwa mtoto. Wino wa gazeti umetapakaa, lakini mke hahitaji kuambiwa mgongo wa mumewe.

Majirani wakasema picha nzuri. Nikasema ndiyo, ni nzuri. Walipoondoka nikafunga duka mchana kweupe, nikakaa nayo sakafuni.

Ni nzuri. Nalisema hilo bila kinyongo. Sikujua kama kuna mtu mwingine duniani anayemwona hivyo. Lakini mwanga wako unatoka kushoto na unaishia kwenye uti wa mgongo. Ng'ambo ya pili umeacha giza. Bega la kulia linaanza, kisha halipo. Gazeti nimelipeleka mlangoni, nimeliweka juani, nimelitazama kwa upande. Mkono wa kushoto nauona, umelala juu ya goti.

Mkono wa kulia uko wapi?

Nijibu hilo. Salamu zitangoja.


14 Juni

Wifi yangu,

Mkono wa kulia haupo. Msumeno wa kiwandani uliuchukua mwishoni mwa mwaka, chini kidogo ya kiwiko. Hospitali wakakata tena juu yake ili kidonda kipone. Kimepona. Siku zile ulipokuwa ukingoja barua yake alikuwa kitandani, na alipotoka alikuja kwangu. Yuko hapa, chumba cha nyuma. Sasa hivi anachemsha maji, nasikia kifuniko cha sufuria.

Kiwandani sikwenda kumwona, sikuwa na haja. Yale ya zamu na ya paa niliyatunga mimi, na ulivyoyafumua nilikaa na barua yako siku nyingi nisijue nijibu nini. Aliniapisha. Nilimwambia, "Kaka, yule ni mkeo." Akasema, "Mke wangu aliagana na mtu mzima. Huyo ndiye anayemngoja. Mwache amngoje." Nikamuuliza, amngoje mpaka lini? Akageukia ukutani.

Kwa miezi hakuna aliyemwona bila shati. Alikuwa anaoga kajifungia, dirisha kaziba kwa taulo. Vifungo anavifunga mwenyewe, anagombana navyo, na ukimkaribia anakuangalia jicho ambalo hujawahi kulipata kwake.

Picha haikuwa nia yangu. Siku hiyo mcheza dansi niliyemwita hakutokea, na taa zilikuwa zimeshawekwa. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwa studio akitazama. Akasema, "Nipige mimi." Nikadhani mzaha. Akaanza kuvua shati, kifungo kimoja kimoja, nami nimeuma ulimi nisije nikajitolea kusaidia. Akakaa kwenye kigoda akanipa mgongo. "Ule upande usiuonyeshe." Nikasogeza taa.

Akataka kuona picha inavyosafishwa. Tukaingia chumba cha giza, tukawasha taa nyekundu, nikatia karatasi kwenye beseni la dawa na kumpa yeye kibano aitikise kwa mkono wake. Karatasi ilikaa nyeupe. Kisha kikaja kivuli, kisha bega. Akainama mpaka nikamwonya dawa itamrukia machoni. Akauliza, "Huyu ni mimi?" Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Mbona ni mtu mzuri." Si kwa majivuno, wifi. Alisema kama anayesoma jina lake kwenye orodha aliyodhani hayumo. Tulisimama pale tumesahau kuitoa, karatasi ikawa nyeusi tupu, ikabidi tuanze nyingine.

Wiki iliyofuata nilimpiga tena, safari hii kwa mbele, mwanga sawa pande zote, kigutu cha mkono kikionekana chote. Hiyo ameigeuza ikatazama ukuta na hataki mtu aione. Naweza kukutumia nakala kwa siri, lakini nimeshavunja kiapo kimoja, cha pili kimenishinda.

Anasema usije. Aliiona barua yako mezani akajua umejua. Hakusema kwa ukali. Alikuwa akilia, na mimi sijamwona kaka akilia tangu tulipomzika baba.

Wifi yako


25 Juni

Wifi,

Nimelia, nimemaliza, nimenawa uso, naandika. Leo sikulaumu. Nitakulaumu tukionana, kwa raha zetu.

Na mimi kuna jambo sikukwambia. Mama hatembei. Aliteleza bafuni mwezi wa kwanza, akaumia nyonga. Nambeba kumpeleka kibarazani na nambeba kumrudisha, ndiyo maana nilikuandikia kwamba anashinda ndani. Aliniapisha nisiwaambie, eti mtaacha kazi zenu mje kumtazama akilala. Familia yenu ina ugonjwa wa kuapisha watu. Sasa ujue ni kwa nini nilitishia treni na sikuipanda. Siwezi kumwacha. Hii ya mkono sijamwambia, atamwona mwanawe mwenyewe au hatajua kamwe.

Haya yanayofuata ni ya kaka yako. Msomee kwa sauti, usiruke.

Baba Kasuku. Mimi sikuolewa na mkono. Kama unadhani nakungoja uje upige misumari, misumari imepigwa. Mlango wa uani nilimwita fundi, akaufanya vibaya kuliko ulivyokuwa, lakini unafunga. Mafundi hawajaisha. Nilichokosa ni mtu wa kubishana naye. Nikisema neno humu ndani, Kasuku analiongezea na mama analikubali. Hakuna wa kuniambia mwanamke wewe umekosea. Nimeanza kuogopa, nisije nikawa nimekosea mambo mengi na hakuna aliyeniambia.

Unasema yule niliyeagana naye ndiye ninayemngoja. Huyo ameanza kunitoka. Nikijaribu kuukumbuka uso wake inakuja picha ya harusi, ile uliyokodoa macho, si wewe. Lakini huyu wa gazetini namjua. Nimemweka kabatini chini ya kanga zangu, namtoa nikibaki peke yangu. Nimemtazama mpaka wino umenihamia vidoleni. Amekaa amechoka, ameinamisha kichwa, na hakuna mtu aliyemwekea mkono begani. Mimi ninao miwili.

Usiniache nikae mjane wa mtu aliye hai na anachemsha maji.


19 Julai

Wifi yangu,

Mama mpe pole ambayo sina maneno yake. Nimemkasirikia, kisha nikakumbuka mimi ni mtoto wa nani.

Nilimsomea kaka, sikuruka kitu. Alikuwa dirishani. Kila siku hukaa pale kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na akimaliza anachana karatasi, ndiyo maana hukupata lile jina. Nilipofika kwa fundi wa mlango akakunja uso. Nilipofika kwenye kuchemsha maji akacheka kidogo, akainuka, akatoka nje bila kofia. Tangu hapo hakunisemesha. Tulikuwa tunakula tukitazama sahani. Nikadhani nimewapoteza nyote wawili.

Juzi asubuhi nimeingia studio, nikakuta ile picha nyingine ameigeuza. Alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda kilekile. Akaniuliza, "Huyu angekuwa mtu mwingine, si mimi, ungemtundika?"

"Ningemtundika."

"Ukutani, watu wapite?"

"Katikati ya ukuta, kaka."

Nikaona ananitazama machoni, anapima kama nimesema kwa huruma. Kisha akasema, "Basi mtundike." Na kama aliyekuwa akiendelea na mazungumzo mengine, akauliza treni ya huko kwetu inaondoka siku gani, na mama aliangukia upande gani.

Tumemtundika. Watu wanasimama mbele yake kuliko mbele ya zote. Jana mzee mmoja alikaa sakafuni kabisa, na fimbo yake pembeni.

Kaka kaniapisha nisikwambie siku ya safari. Anaogopa utamngoja stesheni mbele za watu. Mimi kuapa nimechoka: ni Alhamisi ijayo. Usiende stesheni. Mwache atembee mwenyewe mpaka mlangoni.

Nimemfungia sanduku. Chumba cha nyuma kitakuwa changu tena, nilikuwa nikililia nafasi hiyo, sasa napita pale nasimama. Mtu anayegombana na vifungo nyuma ya mlango ni kelele ndogo sana, wifi, lakini ilikuwa ya nyumbani.

Wifi yako


11 Agosti

Wifi yangu,

Usinilaumu kwa ukimya, safari hii ulikuwa wa shughuli. Mama anakaa sasa bila kushikwa. Bado hasimami, lakini ameanza kuamrisha, kwa hiyo anapona.

Alhamisi ile sikwenda stesheni. Nilifungua duka kama kawaida na nikaharibu suruali mbili za watu. Alifika mchana, sanduku kaning'iniza begani kwa mkanda. Kasuku ndiye aliyemwona kwanza. Nilitoka mbio nimzuie, nikachelewa.

"Baba, mkono uko wapi?"

Akachuchumaa pale barabarani, akamweleza. Msumeno, hospitali, yote, polepole, kama anayemfundisha hesabu.

"Uliuma?"

"Uliuma sana."

"Na sasa?"

"Siku nyingine unauma wakati haupo."

Kasuku akalifikiria hilo. Kisha akamshika mkono mwingine na kuanza kumweleza habari za paka aliyezaa ndani ya kapu langu la vitambaa, akamvuta ndani akaone. Mimi nilibaki nimesimama na mkasi. Alipopita akaniambia, "Nimerudi." Nikasema, "Naona." Miezi yote hiyo nimepanga maneno, na hayo ndiyo yaliyopatikana.

Mama alikishika kigutu kwa mikono yake yote miwili, akakaa nacho. Baadaye akasema, "Umekonda."

Sitakudanganya, siku za mwanzo tulikuwa wageni. Nilimpa chai akasema asante, na hajawahi kuniambia asante kwa chai tangu nimjue. Tulipishana mlangoni kwa adabu kama wapangaji. Akioga anajifungia. Akivaa ananipa mgongo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuutazama mgongo huo mpaka basi, nilitaka upande wa pili. Nikawa nakukumbuka wewe na kazi yako ya kungoja. Nikangoja.

Mchana mmoja nikasikia bafuni kumekuwa kimya, maji hayamwagiki. Nikamwita. Akasema, "Mgongo siufikii."

Nikasukuma mlango. Haukuwa umefungwa. Mwanga wa lile dirisha dogo la juu ulikuwa umemwangukia wote, hakuna upande uliosalia. Nikachukua dodoki na sabuni. Mwanzo alijikaza kama ubao. Nikasugua bila haraka, bega hili, bega lile, mpaka nikaona shingo inalegea. Nikamzunguka nikaja mbele. Nikafika kwenye kigutu nikakiosha kama nilivyoosha kwingine, na yeye ananitazama usoni muda wote aone uso wangu utafanya nini. Sijui ulifanya nini. Nikamwambia ainame nimmwagie, maji yanapoa. Akasema hayajapoa. Nikasema yamepoa. Akasema, "Mwanamke, mimi ndiye ninayemwagiwa." Nikamaliza kumwosha siioni sabuni ilipo, macho yamejaa, nasingizia povu.

Hayajawa sawa yote. Kuna asubuhi anaamka kanuna na hakuna anayemgusa. Useremala anaujaribu kwa mkono mmoja, anatupa nyundo, anaiokota. Kaniambia nikwambie picha isishushwe mpaka maonyesho yaishe. Na mimi nakwambia yangu: hicho chumba cha nyuma usikizoee sana. Huku kuna mama anayekuuliza, na kuna wanaume wa kutosha. Muuza mkaa ameshaanza kutembea amevuta tumbo ndani.

Ninapoandika ni alasiri, joto halina mfano. Kaka yako katoa kiti, kakiweka nje mbele ya duka, kavua shati, kakaa kifua wazi upepo umpige. Barabara imejaa. Wako wanaotazama wakageuza macho haraka, na wako wanaosimama kumwamkia. Anawaitikia wote. Mimi niko ndani, nina suruali ya mtu inayotakiwa leo, na sijaigusa. Namtazama.

Wifi yako